Asiyefika shule leo, leo hachezi: maelezo kwa wazazi wa darasa letu la ngoma

Soksi zilikuwa nyeupe mno. Hicho ndicho kilichonishtua. Ilikuwa Jumatano, saa tisa na robo alasiri, watoto wanaingia ukumbini mmoja mmoja na vumbi lao la Mbagala hadi magotini, mashati yamechomoka, kola zimeshika weusi wa jasho. Kijana mmoja wa darasa la sita akapita mbele yangu na "shikamoo mwalimu" yake ya kila siku, begi mgongoni, soksi kama zimeanuliwa kwenye kamba dakika hiyohiyo. Nikamwita pembeni. Leo mmesoma nini? "Hisabati." Hisabati ipi? Kimya. Akaanza kuchezea zipu ya begi.

Hakwenda shule. Na haikuwa siku ya kwanza, ilikuwa ya nne. Asubuhi anaaga nyumbani saa kumi na mbili na nusu, anapewa mia nne ya nauli na mia tano ya kula, anakwenda kushinda kwenye kibanda umiza akiangalia sinema zilizotafsiriwa. Viatu na soksi anavitia kwenye begi, anatembea na ndala. Ikifika saa tisa anavivaa tena, anakuja kwetu, anacheza ngoma ya bugobogobo kwa bidii kuliko wote, kisha jioni anarudi nyumbani amechoka kama mwanafunzi mwema.

Nilipompigia mama yake hakuniamini. "Mwalimu, mwanangu kila siku anaondoka hapa naye ninamuona." Ni kweli, alikuwa anaondoka.

Ndiyo siku tulipoweka ile sheria ambayo wazazi wapya huwa wanaiuliza: mtoto ambaye hakufika shule leo, leo hachezi. Wengine huuliza kwa upole. Wengine kwa ukali kidogo: "Nimelipa hela yangu, mambo ya shule yanakuhusu nini?" Nimeona niandike mara moja, kirefu, kwa sababu maelezo haya huwa nayatoa kwenye simu usiku huku mboga inaungua jikoni.

Nianze na jinsi tunavyojua nani amefika shule. Kila mtoto ana kijidaftari chetu chenye mistari mitatu kwa kila wiki: siku alizokwenda shule, siku alizokuja mazoezini, na nafasi ya sahihi. Mzazi anasaini kila siku. Mwalimu wa darasa anasaini Ijumaa tu, mara moja, na hapo awali tulikosea sana. Tuliwataka walimu wasaini kila siku. Jamani, mwalimu wa shule ya serikali mwenye watoto mia na zaidi darasani, ameita majina, amesahihisha, amekimbizana na wa nyuma wanaorushiana chaki, halafu ngoma za mtaani nazo zimletee foleni ya vijidaftari? Mwalimu mmoja alinirudishia kijidaftari na ujumbe wa wino mwekundu: "Na mimi nitasainiwa na nani?" Tukajirekebisha.

Sasa, mtoto aliyekosa shule akija mlangoni, hatumfukuzi. Hili wazazi wengi hawalijui, wanadhani tunamwambia "rudi nyumbani". Tukimwambia hivyo harudi nyumbani, anarudi kwenye kibanda umiza. Anaingia, anakaa kwenye benchi la ukutani, anakunywa uji kama wenzake, anafanya kazi za shule au anaangalia mazoezi. Hachezi tu. Na kwa mtoto anayependa ngoma, kukaa benchi huku njuga zinalia mita tatu kutoka kwake ni adhabu isiyohitaji fimbo. Mwalimu mmoja kati yetu anakwenda kukaa naye na kumuuliza kilichotokea.

Majibu ya swali hilo ndiyo yamenifanya niamini kwamba sheria hii haihusu ngoma peke yake. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na kila mzazi anayesoma hapa anajua kwamba kuna vitu vidogo vilivyobaki. Hela ya kuchapisha mtihani wa mwezi. Ufagio, dumu la maji. Sketi moja tu ambayo imeloa na jua halijawaka. Konda wa daladala amemuacha kituoni mara tatu kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni mia mbili na kiti ni kilekile, sasa amechelewa, anajua akifika getini atakutana na fimbo, anaona bora asifike kabisa. Wasichana wakubwa kuna siku chache za mwezi wanakosa shule na hawasemi kwa nini. Kwenye droo ya meza yangu kuna taulo za kike, zichukuliwe bila kuuliza, na nimewaambia wote kwamba droo hiyo haina funguo.

Yule wa soksi nyeupe yake ilikuwa hela ya mtihani. Kila Jumatatu wasiolipa walisimamishwa mbele, halafu wakaambiwa waje na mzazi. Genge la mama yake lilikuwa limeyumba, mtaji umekwisha kwa kumuuguza bibi, na mtoto alikuwa ameyasikia mazungumzo hayo usiku kupitia pazia. Akaamua kutomsumbua. Mama alipokwenda shule, mazungumzo na mwalimu mkuu yalichukua dakika ishirini na wakakubaliana alipe kidogokidogo.

Jioni ile mama alitaka kumtoa ngoma moja kwa moja. "Ngoma ndiyo inayompumbaza." Nikamuomba asubiri mwezi mmoja. Shuleni hawakuwa wamemtafuta bado, nyumbani hakuna aliyegundua, mahali pekee utoro ule ulipoonekana ni hapa, kwa sababu hapa alikuwa hataki kukosa. Akasubiri.

Kuhusu saa za mazoezi

Hapa ndipo penye kazi, mniruhusu niende polepole.

Watoto wetu hawasomi kwa saa zinazofanana. Kuna wanaoingia asubuhi na kutoka saa nane na nusu. Kuna wanaosoma kwa zamu kwa sababu madarasa hayatoshi, wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana, na wa mchana wanatoka jua linazama. Kuna wa shule za kulipia wanaofuatwa na basi la shule kabla jua halijachomoza. Tulipoanza tulikuwa na saa moja kwa wote: saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Ilikuwa rahisi kwetu na ilikuwa mbaya kwao.

Fanya hesabu nami. Mtoto wa basi la shule anaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Tuchukue hiyo tisa, ya chini kabisa. Ili aipate, saa mbili usiku awe ameshalala, siyo ameanza kutafuta mswaki. Sasa mazoezi yakiisha saa moja, Barabara ya Kilwa imefunga kwa foleni, anafika nyumbani saa mbili kasoro, hajaoga, hajala, ana kazi ya Kiingereza ya kurasa mbili. Atalala saa nne. Kesho atasinzia kwenye basi, darasani na kwetu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeuchukua usingizi wake nikauuza kwa shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi.

Kwa hiyo tukabadilisha. Wanaotoka mchana wanacheza Jumatatu na Jumatano, saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja na nusu, na saa kumi na moja na nusu spika inazimwa hata kama tuko katikati ya wimbo. Wa zamu ya mchana wanacheza Jumanne na Alhamisi asubuhi, saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu, ili wapate muda wa kwenda nyumbani, kula na kufika shule bila kukimbia. Kwao hatuwezi kuuliza "umekwenda shule leo?", maana shule haijaanza. Tunaangalia jana. Wa basi la shule wanakuja Jumamosi tu. Najua wazazi wa kundi hili wangependa siku mbili kama wengine, na nimeulizwa mara nyingi. Jibu langu bado ni hapana.

Wiki zamu inapobadilika, tafadhali andikeni kwenye kundi la wasap mapema. Tumeshapata mama aliyemleta mtoto asubuhi akidhani wiki hii ni mchana, kumbe wenzake wameshaingia darasani tangu saa moja.

Niseme na la vigodoro, kwa sababu jirani mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama tunafundisha watoto kukata mauno ya usiku. Kigodoro ni ngoma ya mtaani ya kukesha, spika kubwa, singeli hadi alfajiri, watu wazima, pombe, na watoto wanapenyeza katikati kwa sababu nyumba iko hatua kumi na usingizi hauji kwa kelele zile. Vimepigwa marufuku mara kwa mara na bado vinachipuka. Sisi hatuko huko. Singeli tunaicheza, sitakataa, ni muziki wa watoto hawa na umezaliwa kwenye mitaa kama yao ya Dar es Salaam. Lakini tunaicheza mchana, kwa nusu saa ya mwisho, baada ya jasho la ngoma za sindimba na mganda. Jumamosi asubuhi naweza kukutajia bila kuuliza nani alikesha dirishani: anayepiga miayo wakati wa kupasha misuli, anayeanza na mguu wa kulia wenzake wako kushoto. Huyo ndiye anayeteguka kifundo. Mtoto wa namna hiyo naye tunamkalisha benchi, hata kama kijidaftari chake kimejaa sahihi.

Barua za ruhusa

Hapa naungama kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mwandaaji wa hafla fulani alitutaka tupeleke watoto tisa, siku ya Alhamisi, mwezi wa Oktoba. Akasema saa mbili hadi saa tano asubuhi, mgeni rasmi ataona ngoma moja, basi. Nikaandika barua za ruhusa kwa mwandiko mzuri, nikazipeleka shule tatu tofauti, walimu wakakubali kwa sababu wananifahamu. Mgeni rasmi alifika saa tisa alasiri. Watoto walikuwa wamesimama na kaniki na njuga zao chini ya turubai tangu asubuhi. Walicheza dakika saba. Wakapewa soda na biskuti, wakafika nyumbani magharibi imeshapita. Malipo ya kikundi tulipata nusu, wiki tatu baadaye.

Wawili kati ya wale tisa walikuwa darasa la nne, na siku hiyo walikosa mtihani wa majaribio wa Hisabati, wiki chache kabla ya upimaji wa kitaifa. Nilipokwenda kuomba radhi, mwalimu wao wa darasa, mama mtu mzima, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Wewe wanakurudia na soda. Mimi wananirudia na sifuri."

Tangu siku hiyo sijaandika barua ya ruhusa kwa ajili ya shoo. Siku za shule watoto wetu hawatoki, labda shule yenyewe iwe imewachukua, kama kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ambako ngoma na kwaya nazo zina nafasi yake na walimu wanaambatana nao. Shoo zetu ni Jumamosi, Jumapili na likizo, na mwisho ni saa kumi na mbili jioni. Hatukuchagua saa hiyo kwa kupenda tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na shoo inayolipwa mimi naihesabu kuwa kazi, hata kama mtoto anaona ni starehe. Harusi za usiku zinalipa vizuri kuliko hafla zote, hilo nalijua, na msimu wa harusi simu yangu haipumziki. Wanaotaka watoto wacheze saa tano usiku wakati bibi harusi anaingia, tunawashukuru na kuwaelekeza kwa vikundi vya watu wazima.

Mkataba wetu na waandaaji una mstari unaosema tukisubirishwa zaidi ya saa moja tunaondoka. Tumeutumia mara moja. Mwandaaji alinitukana kwenye simu hadi salio lake likakatika.

Sehemu ya malipo ya shoo inaingia kwenye mfuko wa mavazi, nyingine inarudi kwa watoto kama daftari, kalamu na nauli. Mzazi anayetaka kuona hesabu aje, daftari liko mezani.

Mwezi wa mitihani

Kuanzia Julai, watoto wa darasa la saba wanakuja siku moja tu kwa wiki, na Agosti wanasimama kabisa hadi wamalize mtihani wao wa taifa mwanzoni mwa Septemba. Wakati huo wana masomo ya ziada asubuhi na jioni, wana mitihani ya utimilifu, na wazazi wana presha kuliko watoto. Mwezi wanaosimama hawalipi. Wa darasa la nne wanapungua Oktoba, wa kidato cha pili na cha nne Oktoba na Novemba. Katika miezi hiyo ukumbi unabaki na wadogo, ndiyo maana msidhani biashara imekufa mkipita mkaona watoto kumi na wawili tu.

Wazazi wengine huniambia wangependa mtoto asimame tangu Januari. Siwakatazi. Ninachowaomba ni kuangalia ile miezi ya ziada atakwenda nayo wapi. Mtoto akiacha ngoma halafu akaongeza saa nne za simu, hajapata muda wa kusoma, amebadilisha tu kinachomzuia kusoma. Simu ndiyo ningeanza nayo.

Na sitawadanganya kwamba ngoma inampandisha mtoto maksi. Nimeona matangazo ya wenzetu yanayosema kucheza kunaongeza akili ya Hisabati. Labda. Mimi ninachokiona ukumbini ni kidogo kuliko hapo: anajifunza kuhesabu nane bila kupoteza, kusikiliza ngoma kabla ya kuinua mguu, kukumbuka mpangilio wa dakika tano, na kufika kwa wakati kwa sababu wenzake wanamngoja. Baba mmoja aliniambia mtoto wake sasa anapanga begi usiku. Nikamuuliza kama amepanda darasani. "Bado," akasema, "lakini hatufokeani asubuhi."

Tumewahi kumsimamisha mtoto sisi wenyewe, bila mzazi kuomba. Binti huyo alikuwa anacheza kwetu, kwenye kwaya ya kanisani na kwenye kikundi kingine cha mtaa wa pili, na nafasi yake darasani ikawa inashuka kila muhula kama ndoo kisimani. Tukakaa na mama yake, tukamwambia achague kimoja. Akachagua kwaya. Tuliumia, alikuwa na mguu mwepesi ajabu. Lakini ilikuwa haki yake.

Kwa anayeota kuwa mchezaji kweli, na wapo, nawaambia jambo moja la kiutendaji. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, na anayetaka kusomea huko anatakiwa kuja na cheti cha kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho, na huko hata ngazi yake ni ndefu zaidi. Kijana anayekimbia darasa ili akafanye mazoezi anajifungia mlango wa mahali palepale anapotaka kufika.

Kukosa mazoezi nako kuna gharama

Nimesema sana ya shule, na ya kwetu nayo yapo.

Bugobogobo ni ngoma ya Wasukuma ya majembe, imetoka kwenye vikundi vya kulima kwa pamoja, mkono na jembe vinafuata mdundo mmoja. Watoto wetu wanatumia majembe ya mbao yenye bapa la boksi lililopakwa rangi ya fedha. Kwenye mpangilio wetu kuna mahali watoto wanane wanasimama jozi kwa jozi, wanahesabu, na kwenye saba kila mmoja anarusha jembe lake kwa mwenzake na kudaka la mwenzake. Mmoja asipokuja, jozi yake anarusha kwa nani? Wiki nzima anadaka hewa. Siku ya shoo yule aliyekosa anarudi, anarusha mapema nusu hesabu, jembe linampiga mwenzake kifuani. Imetokea, bahati yetu ni boksi. Mganda ni vilevile, ile ni ngoma ya mistari iliyonyooka kama gwaride, na pengo moja linaonekana tangu mlangoni.

Ndiyo maana tunatoza kwa mwezi, si kwa siku. Mtoto aliyekosa kwa sababu ya ugonjwa, msiba au mtihani, tunamfidia kipindi hicho Jumamosi asubuhi saa mbili bila malipo. Aliyekosa kwa sababu kulikuwa na bethidei ya binamu, kipindi kimekwenda na keki.

Na hapa kuna ombi zito kidogo kwa kina baba na kina mama. Matokeo ya muhula yakitoka mabaya, msimtoe mtoto ngoma wiki ya shoo. Mwaka jana binti mmoja aliondolewa siku nne kabla, baba amekasirika kwa nafasi aliyoshika darasani. Kasirani yake ilikuwa na haki. Lakini adhabu ilimwangukia pia yule jozi yake, ambaye alikuwa amefaulu vizuri, akabaki analia kwenye kona na jembe mkononi. Njoo utuambie wiki mbili kabla, tutampanga mwingine, na binti yako tutamshusha taratibu bila kumwaibisha. Au mwache acheze shoo hiyo moja, kisha asimame. Tutakuunga mkono.

Watu wa kusini mtanielewa haraka katika hili la kupanga muda, na Mbagala tumejaa watu wa kusini. Jando na unyago vilisubiri mavuno. Chakula kiko ghalani, kazi zimepungua, ndipo watoto wanaingia. Hakuna mzee aliyewaweka watoto ndani wakati wa palizi. Siku hizi huko Mtwara na Lindi viongozi wanahimiza mambo hayo yawekwe likizo ya Juni na ya Desemba ili mtoto asikose shule, na bado kila mwaka nina mtoto au wawili wanaopelekwa nyumbani katikati ya muhula, wanarudi baada ya mwezi, wamekosa shule na mazoezi, na mwalimu wao hana taarifa. Ikibidi aende, aende likizo. Na Sheria ya Elimu ya 1978 inamuwajibisha mzazi, siyo mtoto, mahudhurio yakikatika kabla hajamaliza shule ya msingi.

Kuandikisha watoto wapya ni wiki mbili za kwanza za Januari, na tena wiki ya kwanza baada ya likizo ya Juni. Tunapokea kuanzia miaka saba. Uje na mtoto mwenyewe, ratiba yake ya shule, pamoja na zamu kama ipo, kijidaftari cha kliniki kama ana pumu au tatizo la moyo, na kanga moja kuukuu ya kufunga kiunoni. Njuga tunazo. Viatu havihitajiki, tunacheza peku na sakafu inapigwa deki kabla ya kila kipindi. Wenye watoto wawili wanalipa elfu arobaini badala ya hamsini. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aseme siku ya kwanza, asisubiri tumuulize mtoto, maana tumeshaona mtoto akiulizwa hela anakwenda kujificha wapi.

Mlangoni siku za Jumatano mtamkuta kijana mrefu, mwembamba, yuko kidato cha kwanza sasa. Ndiye anayekagua vijidaftari. Mpeni cha mtoto wenu, na msishangae akiinama kwanza kuangalia soksi.